Umemaliza 86 na Huna cha Kuangalia? Kabla ya Gundam, Pita Kwanza Kasanga

Wiki haipiti bila mtu kunitumia ujumbe ule ule: "Kaka nimemaliza 86, nipe nyingine ya hivyo." Hamtaki katuni za wanafunzi, hamtaki za mapenzi ya kulialia. Mnataka vyuma, mnataka jeshi, mnataka yule mliyeanza kumpenda afe episodi ya tatu halafu mkae mnaangalia dari saa nane za usiku huku bando likiisha. Nawaelewa kabisa. Na mimi ndo ugonjwa wangu huo.

Majina nitawapa, tulieni. Ila sitawapa kwa mpangilio wa moja hadi kumi kama wanavyofanya wengine, kwa sababu kuna kitu kimekuwa kinanisumbua tangu niangalie 86 mara ya pili. Ile stori imeshatokea. Imetokea hapa hapa. Ukitoka hapa Laela ukapita Sumbawanga, ukashuka Matai mpaka Kasanga ziwani, unakanyaga ardhi yake. Kwa hiyo leo tunachanganya: nakupa cha kuangalia na nakupa kilichotokea, ukiangalia uwe unajua unaangalia nini.

Kwa ambao hawajaiona (mpo, najua, mnaangalia ligi tu), 86 ilianza kuonyeshwa Aprili 2021, studio ni A-1 Pictures, imetoka kwenye vitabu vya mwandishi anayejiita Asato Asato. Kuna nchi inaitwa San Magnolia, imezungukwa na maroboti ya adui. Serikali inawatangazia raia wake kwamba vita yetu ni safi, tunapigana kwa droni zisizo na watu, vifo leo ni sifuri. Kila siku sifuri. Watu wanakunywa kahawa mjini, maisha yanaenda. Nchi ina sekta 85. Ukweli ni kwamba kuna sekta ya 86 nje ya ukuta, huko wamesukumwa watu wote ambao nywele na macho yao si ya rangi inayotakiwa, na hao ndo wamo ndani ya zile "droni". Vifo ni sifuri kwa sababu wanaokufa hawahesabiwi kuwa watu. Basi. Ujanja wote wa ile sirizi ni hesabu.

Sasa shika hapo kwenye hesabu.

Mwaka 1914 Ulaya inaanza vita, na vita inahamia huku kwetu kwa sababu Wajerumani walikuwa wameshika Tanganyika na Waingereza na Wabelgiji wametuzunguka. Hii shuleni tumesoma wote, sababu za vita, matokeo ya vita, Lettow-Vorbeck, mtihani, umetoka. Ambacho hakikukaziwa ni swali dogo ambalo shabiki yeyote wa mecha angeuliza kwanza: ile vita ilikuwa inaendeshwa na injini gani?

Maana anime nzuri ya kijeshi inajali vitu vya hivyo. Mafuta yanatoka wapi, risasi zinafikaje mbele, roboti likiharibika nani analitengeneza. Za kitoto roboti linapaa tu. Za kiume kuna mtu analalamika spea hazijafika.

Basi jibu ni hili. Reli zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa mbali na mapigano. Magari yalikuwa yanazama kwenye tope. Farasi, punda na ng'ombe wakiingizwa kwenye nchi ya mbung'o wanakufa kwa wiki chache. Kikabaki kitu kimoja tu chenye miguu kinachoweza kupita porini na mzigo: mtu. Mpagazi. Unga, risasi, mahema, dawa, vitanda vya maofisa, vipande vya mizinga, vyote vichwani na mabegani. Upande wa Waingereza peke yake walitumia zaidi ya watu milioni 1. Rudia kusoma. Milioni 1, enzi ambazo watu wenyewe Afrika Mashariki walikuwa wachache kuliko sasa kwa mbali sana.

Halafu kuna hesabu ya kikatili ndani yake. Tufanye mpagazi amebeba kilo 25 za unga, na yeye mwenyewe anahitaji kama kilo moja kwa siku ili asianguke. Akitembea siku 25 amemaliza mzigo wote kwa kuula. Na lazima arudi. Kwa hiyo akienda umbali wa siku 12 na kurudi, hajafikisha kitu, amejilisha tu njiani. Ili unga ufike mbele, unaweka wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi. Jeshi likisogea hatua moja, mstari wa vichwa nyuma yake unaongezeka maradufu. Na kamanda akiona chakula hakifiki, kitu cha kwanza kupunguza ni posho ya mpagazi, sio ya mzungu.

Wengine walipewa unga wa mahindi mbovu, uliosagwa vibaya, wapike haraka haraka baada ya kutembea kutwa. Watu waliozoea ndizi, waliozoea mpunga, na huku kwetu waliozoea ulezi. Matumbo yakakataa. Kuhara, malaria, nimonia kwenye baridi ya nyanda za juu. Aliyewahi kulala Laela mwezi wa saba bila blanketi la maana anaelewa nikisema baridi. Risasi iliua wachache. Waliobaki waliuliwa na tumbo.

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba waliokufa upande wa Waingereza tu ni zaidi ya 95,000. Upande wa Wajerumani hata daftari la kueleweka hawakuacha. Walichukua watu kijiji wanachopita, wakifa wanachukua wa kijiji kinachofuata. Sifuri, kama San Magnolia.

Na usidhani ilikuwa siri hata London wasijue. Kuna ofisa wa wizara ya makoloni aliandika kabisa, kwa maneno yake, kwamba kilichofanya mambo yale yasiwe kashfa kubwa ni kwa sababu walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani anayewajali wapagazi wa Kiafrika. Niliposoma hilo niliweka simu chini. Ni kama mtu ameandika mistari ya yule mjomba wa Lena.

Tukimtaja Lena: wale mnaomsema kwenye komenti kwamba ni mtoto wa kishua anayejifanya ana huruma, kumbukeni kwamba na huku walikuwepo wa aina yake. Aliyesimamia wapagazi kutoka Nairobi alikuwa Mwingereza anaitwa Oscar Watkins, anajua Kiswahili, na alikuwa anagombana na wakubwa wake kuhusu chakula, blanketi na matibabu ya watu wake. Aligombana kweli. Na bado watu walikufa kwa maelfu chini ya mikono yake. Ndo maana ile sehemu Theo anamfokea Lena kwamba hujawahi hata kutuuliza majina ni ya moto sana. Huruma ya mtu aliyekaa ndani ya ukuta ina mwisho wake.

Haya, vyuma sasa. Najua mnavisubiri.

Ziwa letu hili Tanganyika mwaka 1914 lilikuwa la Wajerumani kwa sababu wao ndo walikuwa na meli za kivita juu yake: Hedwig von Wissmann na Kingani. Halafu wakaongeza jini lenyewe, Graf von Götzen. Hii ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakaifungua nati zote, wakaipanga kwenye maboksi kama 5,000, ikapanda meli mpaka Dar, ikaletwa Kigoma na reli ya kati, mafundi watatu wa kiwanda wakaja nayo kuiunganisha upya kama mtu anavyounganisha Gundam ya plastiki. Mwaka 1915 ikashushwa majini. Juu wakafunga mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyopigwa na kuzama Rufiji Julai 1915. Mizinga ya Königsberg Wajerumani waliing'oa kutoka kwenye mabaki, wakaiwekea magurudumu, wakaiburuta nchi nzima. Nani aliburuta? Unajua nani. Mamia ya watu kwa mzinga mmoja, kamba begani. Mmoja upo mpaka leo Fort Jesus, Mombasa, watu wanapigia picha.

Waingereza nao wakajibu kwa kituko. Wakaleta boti mbili ndogo zenye injini za petroli, Mimi na Toutou. Kamanda wao Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa, akachagua majina hayo ambayo kwa watoto wa Kifaransa ni kama kusema nyau na hau hau. Huyu jamaa alikuwa na michoro mwili mzima na alikuwa anavaa sketi vitani, sitanii. Boti zikashushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Katanga, halafu zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, maksai na watu, tena mamia ya watu wakifyeka njia na kujenga madaraja. Desemba 26, 1915 wakaikamata Kingani. Februari 9, 1916 wakaizamisha Hedwig. Stori hiyo ndo iliyozaa kitabu halafu filamu ya The African Queen ya mwaka 1951. Kwenye filamu shujaa ni mzungu mlevi na dada wa kanisa. Waliofyeka njia hawamo.

Götzen yenyewe Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916, wakaipaka grisi injini zote kwanza ili waje kuichukua. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la MV Liemba. Ndiyo, Liemba. Hiyo hiyo ambayo bibi zetu walipanda Kasanga kwenda Kigoma na mabunda ya samaki wakavu. Ukiniambia hujawahi kuona mecha halisi nitakuuliza kama una ndugu Kasanga.

Na kama sehemu hii ndo imekupendeza, yaani chuma kizito kwenye msitu, tope, injini inazima, maboksi hayafiki, basi cha kwanza kuangalia ni Gundam: The 08th MS Team. Ilianza kutoka 1996, episodi 12. Haina mtoto mteule wala nguvu za ajabu angani, ni kikosi kidogo cha ardhini kwenye misitu ya Asia, roboti linakwama kwenye matope na wenyeji wa kijiji wamekaa katikati wanapigwa na pande zote mbili. Usiogope kwamba ni ya zamani. Michoro ile ya mkono inazipiga bao nyingi za sasa.

Kasanga yenyewe zamani hizo haikuwa Kasanga kwenye ramani zao. Waliiita Bismarckburg, kwa jina la yule yule Bismarck wa mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885 tuliyemkariri. Wilaya nzima ya huku, Ufipa yote, ikawa wilaya ya Bismarckburg. Tukuyu ikaitwa Neu Langenburg. Ukivuka mpaka, Mbala ikaitwa Abercorn na Waingereza. Ng'ambo ya ziwa Kalemie ikawa Albertville. Unaamka asubuhi kijiji chako kina jina la babu wa mtu mwingine.

Hapa ndo nawaambia Code Geass, ya mwaka 2006, muiangalie upya wale mlioiangalia mkiwa wadogo mkaona ni kijana mwenye jicho la ajabu tu. Britannia inaiteka Japani, inafuta jina, inaiita Area 11, na Wajapani wanakuwa "Elevens". Namba. Halafu kuna Wajapani wanaojiunga na jeshi la mtekaji wapate heshima kidogo, rafiki yake Lelouch mwenyewe Suzaku ni mmoja wao, na sirizi haikupi jibu jepesi kama ni msaliti au ni mtu anayetafuta njia ya kuishi. Swali hilo sisi tunalo nyumbani. Askari wa Kijerumani walikuwa Waafrika. Walipewa mshahara mzuri, walikuwa na watumishi wao, na wenyewe ndo waliokuwa wanaingia kijijini kuchukua wapagazi kwa nguvu na kuondoka na nafaka ya ghalani. Wazungu pande zote walikuwa wachache. Sipendi pale watu wanapoisimulia vita hii kama vile ilikuwa weupe dhidi ya weupe na sisi watazamaji. Hapana. Tulikuwemo ndani ya mashine, wengine juu kwenye usukani mdogo, wengi chini kama mafuta.

Na Ufipa haikuwa pori lisilojua chuma, hilo nalo niliseme maana linaniuma. Kabla ya Wajerumani hapa watu walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, malungu, wanatengeneza majembe na mikuki. Watu wanaojua chuma wakaja kugeuzwa wabeba chuma.

Juni 1916 jeshi la Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini lilipanda huku likaizunguka boma la Bismarckburg. Mpango ulikuwa Spicer-Simson azibe ziwani na boti zake. Akafika, akaona mizinga ukutani, akaogopa, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakapanda majahazi wakaondoka zao. Asubuhi Waingereza wanaingia, kuangalia vizuri, mizinga ni ya magogo. Ndugu zangu, magogo! Mtu wa sketi kakimbia magogo. Magofu ya boma yapo mpaka leo pale juu ukitazama ziwa.

Nacheka lakini sicheki sana, maana kutoroka kule kulimaanisha vita iendelee, na ikiendelea maana yake ni vichwa zaidi. Mwaka 1917 ndo ulikuwa mbaya kuliko yote. Waingereza walikamata wanaume kwa mkupuo nchi nzima, vijiji vikabaki na wanawake na wazee, mashamba hayakulimwa, njaa ikafuata.

Mnaotaka kuelewa kwa nini mtoto anabeba bunduki, hapa nawapa sirizi mbili. Moja ni Gundam: Iron-Blooded Orphans, 2015 mpaka 2017, episodi 50. Vijana yatima wa sayari ya Mars wameajiriwa na kampuni ya ulinzi, wamepandikizwa vyuma kwenye uti wa mgongo ili waendeshe mashine, na kuna wengine wamenunuliwa kabisa wanaitwa taka za binadamu. Mikazuki na Orga. Sisemi zaidi, ila ukifika sizoni ya pili weka leso karibu. Wengine wanaiona ndefu. Mimi naona kila episodi ina kazi yake, isipokuwa chache za katikati ya sizoni ya kwanza.

Ya pili siyo anime. Ni filamu ya kweli, ya Mjerumani Eva Knopf, ya mwaka 2013, inaitwa Majubs Reise. Inamhusu mtoto wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Vita inaanza ana miaka 10, anaingizwa jeshini na baba yake. Mwaka 1917 anajeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa kule Lindi, anakamatwa na Waingereza. Anakua, anafanya kazi melini, mwaka 1929 anafika Berlin na anakwenda ofisini kudai mshahara wake wa vita na wa baba yake. Wakamwambia amechelewa. Akabaki huko huko, akawa mhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na akawa anaigiza. Akipata kazi ya filamu ni kusimama nyuma ya mzungu, kushika trei, kushika bunduki, wakati mwingine jina lake halitajwi popote. Knopf alichofanya ni kuzichukua filamu zile za zamani na kumwangalia yule wa nyuma, sio wa mbele. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 24, 1944. Mtoto wa Dar. Mwanajeshi wao. Leo kuna kibao kidogo cha shaba chenye jina lake barabarani Berlin, kiliwekwa mwaka 2007.

Huyo angalau tunamjua kwa jina, kwa sababu alikwenda mpaka mlangoni kwao kugonga. Miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee waliokuwa bado hai. Askari. Wapagazi hawakuwemo kwenye mpango.

Kwa Waingereza nako, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika kwao. Jina liliandikwa na karani asiyejua lugha, kijiji kimeandikwa kwa kubahatisha, mjane anakaa Ufipa au Ukamba hajui hata mumewe kafia wapi, hela inabaki serikalini kwamba haina mwenyewe. Walichobakiza mjini ni jina la kambi. Carrier Corps, watu wakaligeuza, Kariakoo. Kila mtu aliyewahi kwenda Dar kununua mzigo wa nguo na simu amelitamka jina la kikosi cha wapagazi bila kujua. Nairobi wanayo Kariokor yao, kitu kile kile.

Na ile sanamu pale katikati ya Dar, Posta, askari kashika bunduki yenye singe? Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann. Angalia vizuri utaona ni askari peke yake. Nairobi kwenye yao wapo watatu na mpagazi yumo. Ya kwetu, mji wenye Kariakoo yenyewe, aliyesimama juu ni askari tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walipojadili makaburi, wazo la gavana wa Tanganyika kwa makaburi makubwa ya wapagazi lilikuwa yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Na ndivyo yalivyorudi.

Sasa sikia hii ndo iliyonifanya nikae kuandika. Aprili 2021, mwezi ule ule ambao 86 inaanza kuonyeshwa, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikaomba radhi. Walikubali kwamba baada ya vita ile watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mwezi mmoja. Huku duniani watu wanalia kwa ajili ya Shin anayechonga majina ya wenzake kwenye vipande vya bati ili asiwasahau, na huku ofisi moja Uingereza inatangaza kwamba majina ya babu zetu hayapo. Asato Asato sidhani kama alikuwa na habari na Kasanga. Ila alielewa kitu kinavyofanyika.

Kwa hiyo ukiirudia 86, usiruke ile sehemu ya vibati vya majina ukidhani ni pambo la kuhuzunisha. Mpagazi aliyekufa njiani, wenzake hawakuwa hata na bati.

Wengi mtaniuliza kuhusu Attack on Titan. Siyo mecha, tusibishane, lakini watoto wa Kieldia wenye vitambaa mkononi wanaopigania jeshi la Marley ili familia zao ziheshimiwe wako kwenye mazungumzo haya haya. Mmeshaiangalia wote, napita. Evangelion nayo napita, ile ni ya kichwa zaidi kuliko ya jeshi, siku yake itafika.

Ya mwisho nimeiweka mwisho makusudi, na ndiyo ningekwambia uanze nayo kama una usiku mmoja tu. Gundam 0080: War in the Pocket, mwaka 1989, episodi 6. Dogo wa shule ya msingi anayependa vita kama tunavyoipenda sisi kwenye skrini, anaokota maganda ya risasi anaringia wenzake, anakutana na askari wa upande wa adui anakuwa rafiki yake. Sikuharibii. Nakwambia tu kwamba kuna habari inachelewa kufika.

Ndo hapo nilipokumbuka Mbala. Vita ya Ulaya ilisimama Novemba 11, 1918. Lettow-Vorbeck alikuwa porini Rhodesia ya Kaskazini, hana simu ya upepo ya maana, na Novemba 13 watu wake ndo kwanza wanaingia Kasama. Habari zikamfikia, mtoni Chambeshi, Novemba 14 akakubali kusimamisha mapigano. Siku kadhaa za mwisho wapagazi walikuwa wanatembea na mizigo ya vita ambayo imeshaisha. Novemba 25 akaweka silaha chini Mbala, hapo ng'ambo, halafu msafara ukaletwa upande wetu, Kasanga, ukapandishwa meli kwenda Kigoma. Mafua makali ya mwaka ule yakawakuta humo humo, wakaendelea kufa baada ya amani.

Kwa hiyo 0080 episodi ya 6, dogo anapokimbia, anakimbia, anakimbia, usiangalie ukiwa unakula. Episodi zote 6 hazifiki saa 3 na nusu, kwa hiyo weka kwenye flashi usiku mmoja, itafute yenye maandishi ya chini yanayoeleweka. Ukimaliza ndo uanze Iron-Blooded Orphans, usianze nayo, maana ukianza na ile ya watoto wa Mars hutakuwa na nguvu ya kuangalia hizi nyingine.